Vita Vilikwisha, Mlio Haukwisha

Na Mwandishi Wetu

Kwetu Usukumani, mtoto akipita mbele ya mzee bila kumwamkia, watu husema hakulelewa. Lakini mzee akiamkiwa asiitikie, watu hukosa la kusema. Hutazamana, hupita, na wakishafika mbali kidogo ndipo huulizana: kwani tumemkosea nini?

Baba yangu mkubwa ameishi na shutuma hiyo kwa zaidi ya miaka 40. Vijana wa kijijini kwetu, katika wilaya ya Kahama, mkoani Shinyanga, humtolea "Mwangaluka!" ya asubuhi wakiwa nyuma yake, naye huendelea kuchonga mpini wa jembe kana kwamba ni upepo uliopita. Wageni humdhania ana maringo. Wakwe waliokuja kuposa mwaka mmoja walirudi kwao wakisema mzee wa nyumba ile ana kisirani, na posa ile ikachukua miezi mingine 6 kabla ya kutengemaa. Kumbe mzee hakuwa na kisirani chochote. Hakusikia tu.

Ndugu msomaji, hapana shaka nawe unaye mzee wa namna hii katika ukoo wenu. Pengine ni yule anayefungulia redio hadi majirani wakalalamika, au yule anayecheka pale wengine wanapocheka huku macho yake yakiuliza kumetokea nini. Aghalabu tunasema ni uzee. Nami nilisema hivyo hadi siku nilipomkuta baba mkubwa akipekua sanduku lake la bati, akitafuta karatasi ya mwaka 1979.

Mikono iliyobeba sanduku

Alikuwa na umri wa miaka 21 majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka mwezi Oktoba 1978, yakalikalia eneo la Kagera na kulibomoa daraja la Kyaka. Alikuwa mgambo wa kijiji, mwenye mafunzo ya miezi michache na bunduki ya kupokezana. Jeshi letu, lililokuwa na askari wapatao 40,000, lilipanuliwa kwa haraka hadi likapita 100,000, na sehemu kubwa ya nyongeza hiyo ilikuwa mgambo kama yeye. Walitoka kwenye pamba na mahindi wakapanda malori.

Yeye alipangwa pamoja na watu wa mizinga. Kazi yake ilikuwa kubeba masanduku. Wakati mwingine ilikuwa mizinga ya kawaida, wakati mwingine ile mitambo ya roketi ambayo Waganda waliipa jina la Saba Saba, yaani BM-21 iliyotengenezwa Urusi, yenye mitutu 40 juu ya lori moja, ambayo huweza kumwaga roketi zake zote za milimita 122 katika muda wa sekunde 20 hivi. Mutukula ilitwaliwa mwezi Januari 1979, Masaka mwezi Februari, Kampala tarehe 11 Aprili. Mwanzoni mwa Juni mwaka huo majeshi yetu yalifika mpaka wa Sudan na vita vikaisha. Baba mkubwa hakufika huko. Alirudishwa kutoka Masaka akiwa na homa na sikio la kushoto linalotoa usaha.

Nilimuuliza kama walipewa chochote cha kuziba masikio. Alinitazama kwa muda, nikadhani hakusikia, nikarudia. Akaniambia kuwa alikuwa amesikia tangu mara ya kwanza. Walifundishwa kufumbua kinywa na kuziba masikio kwa viganja kila mzinga ulipokaribia kufyatuliwa. Hilo ni kwa aliye na mikono mitupu, akasema. Yangu ilikuwa na sanduku.

Sikio linavyokufa

Mlio wa mzinga ni hewa inayosukumwa kwa nguvu. Ikiwa karibu mno, hewa hiyo hupasua kiwambo kilichotandazwa ndani ya sikio mithili ya ngozi ya ngoma. Kiwambo kikipasuka, damu hutoka, kisha usaha, na kwa kawaida baada ya wiki kadhaa hujiunga chenyewe. Mgonjwa hujiona amepona. Madhara makubwa huwa yako ndani zaidi, katika kiungo kidogo kilichojikunja kama gamba la konokono, ambamo kuna chembechembe zipatazo 15,000 zenye vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa macho. Kazi yake ni kuigeuza mitikisiko ya sauti iwe habari inayopelekwa kwenye ubongo. Chembe hizo zikivunjwa hazioti tena. Ngozi iliyoungua huota, hata mfupa uliovunjika huunga, lakini hizo basi.

Wataalamu hupima sauti kwa desibeli. Kelele ya desibeli 85 kwa saa 8 kila siku ndiyo mpaka unaotambuliwa katika nchi nyingi, na kila zinapoongezeka desibeli 3, muda salama hupungua kwa nusu. Kwa hiyo mashine ya desibeli 100 humaliza haki yako ya siku nzima kwa dakika 15. Mlio wa bunduki kwenye sikio la mpigaji hupita desibeli 140, na mzinga huipita bunduki. Hapo hatuhesabu tena saa wala dakika, kwa kuwa mlio mmoja watosha.

Nalo sikio halizimiki lote kwa pamoja. Huanza kupoteza sauti nyembamba: ndege, watoto, wanawake, na zile herufi zinazobeba maana ya maneno kama vile s, f na t. Ndiyo maana mtu wa namna hii hukuambia anakusikia ila haelewi usemalo. Baba mkubwa huisikia sauti ya mjomba wangu, ambayo ni nzito kama pipa tupu, lakini mjukuu wake wa kike akimwita "Babu!" mara 10 hageuki. Mtoto huyo alipokuwa na miaka 4 aliamini kwa muda mrefu kwamba babu hampendi.

Halafu upo mlio wenyewe, uliobaki ndani. Yeye huuita nyenje. Anasema nyenje mmoja aliingia sikioni mwake karibu na Masaka na hajatoka hadi leo, usiku ndipo huimba zaidi. Madaktari wanaijua hali hiyo na wanasema ubongo, ukikosa habari kutoka sikioni, hujitengenezea sauti yake. Watu wa kijijini waliijua kwa namna nyingine. Waliambizana kuwa ametumiwa kitu na wafu wa vitani, na alipelekwa kwa mganga aliyemtia sikioni mafuta ya moto na majani yaliyotwangwa. Usaha ukarudi kwa mwaka mzima.

Mwano wa usiku

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wizi wa ng'ombe ulizidi huku kwetu, na silaha zilizozagaa baada ya vita zilitajwa kuwa sababu mojawapo. Hapo ndipo sungusungu walipoanzia, katika vijiji vya Kahama na jirani zake. Utaratibu wao ulikuwa rahisi na mkali: ukipigwa mwano, ile sauti ya kuomba msaada inayopokewa nyumba kwa nyumba, kila mwanaume hutoka na silaha yake. Asiyetoka ni mwoga au mshirika wa wezi, naye hutozwa faini.

Baba mkubwa alitozwa mbuzi. Mtu aliyebeba mabomu hadi Masaka alisimamishwa mbele ya mkutano wa kijiji akaitwa mwoga, kwa kuwa mwano ulipigwa saa 8 usiku naye alikuwa amelalia sikio lake lenye nafuu. Tangu usiku huo mama mkubwa alihamia upande wa mlangoni mwa kitanda. Mwano ukipigwa, humpiga teke. Miaka hiyo yote amekuwa ndiye masikio ya nyumba ile: ndiye anayeitika hodi, ndiye anayemkalia mumewe kwenye vikao na kumrudia maneno kwa midomo, ndiye aliyeacha biashara yake ya mnadani kwa sababu hakutaka kumwacha peke yake na kisima cha jirani kisichofunikwa. Katika karatasi za madai hakuna mahali pa kuandika jina lake.

Mguu husema wenyewe

Nchi yetu haikuwaacha askari walioumia bila sheria. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya mwaka 1966, na zipo kanuni za pensheni na viinua mgongo vya majeshi, ambazo humpa haki ya malipo askari aliyepata ulemavu kutokana na utumishi wake, kwa kadiri ya kiwango cha ulemavu kitakachopimwa na madaktari. Askari wa kudumu aliyepoteza mguu Lukaya alikuwa na faili, namba, na hospitali iliyomkata mguu. Akiingia ofisini, mguu husema wenyewe.

Sikio halisemi. Mwenye madai ya sikio ana mambo ya kuthibitisha: kwamba alikuwapo vitani, kwamba sikio limeharibika, na kwamba ni vita vilivyoliharibu wala si kitu kingine. Jambo la pili sasa ni rahisi, mashine inapima. La kwanza ni gumu kwa mgambo, maana hakuajiriwa. Aliitwa, akaenda, akarudi shambani. Karatasi ya kuachiliwa ndiyo ushahidi wake wote, na katika nyumba za udongo za miaka ile, mchwa walikula karatasi nyingi kuliko panya walivyokula nafaka. Hatima ya wapiganaji wa Kagera imeulizwa Bungeni zaidi ya mara moja, na kwa kawaida swali huishia kwenye kumbukumbu: nani ameorodheshwa wapi.

Karatasi ya baba mkubwa tuliipata. Nusu yake. Jina lipo, tarehe ya kuingia ipo, sehemu ya chini yenye maelezo ya afya imeliwa.

Lakini hata ingekuwa nzima, ingetuambia nini? Mwaka 1978 hakuna mgambo aliyepimwa masikio kabla ya kupanda lori. Bila kipimo cha kwanza, kipimo cha leo kinaonyesha hasara bila kuonyesha siku iliyotokea. Na katika miaka iliyofuata baba mkubwa alipata kila kitu kinachoweza kumnyang'anya mtu usikivu. Alitibiwa malaria kwa kwinini mara nyingi, na kwinini nyingi huleta mlio masikioni. Miaka ya 1990 aliugua kifua kikuu, akadungwa sindano za streptomaisini kila siku kwa miezi miwili. Dawa hiyo ilikuwa sehemu ya tiba ya taifa iliyookoa maelfu ya watu, yeye akiwa mmoja wao, nayo inajulikana duniani kote kwa kudhuru sikio la ndani. Kisha kuna dhahabu.

Vita vya pili

Ukanda wa dhahabu unaotoka Kahama kuelekea Geita una historia ndefu. Mgodi wa zamani wa Geita ulifanya kazi tangu enzi za mkoloni hadi mwaka 1966. Migodi mikubwa ya sasa ilikuja baadaye: Geita mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001. Katikati ya hapo, miaka ya 1980 na 1990, ilikuwa zamu ya wachimbaji wadogo, na baba mkubwa alikuwamo kati yao, Nyarugusu na kwingineko, akishuka kwenye maduara kwa kamba.

Wapiganaji wa zamani walipendwa migodini. Hawakuogopa baruti. Mzee huyu, ambaye alikwisha kutambua kwamba masikio yake yamepungua, alikuwa miongoni mwa watu wa kuwasha utambi, kwa hoja ambayo aliieleza bila kucheka: aliyekwisha kulowa haogopi mvua. Juu ya ardhi palikuwa na makarasha ya kusaga mawe, yakinguruma mchana na usiku mita chache kutoka mahali watu walipolala na akina mama walipopikia. Sijaona duara hata moja la wachimbaji wadogo, zamani wala leo, ambalo mtu wa karasha amevaa kitu masikioni kwa siku nzima. Kofia ngumu sasa unaiona. Buti unaziona. Masikio yako wazi.

Hapa ndipo lilipo fundo la habari hii. Kwa mwajiriwa, mambo yamebadilika. Sheria ya zamani ya fidia ilikuwa ya mwaka 1948, na viwango vyake vilibaki nyuma ya maisha kiasi kwamba ulemavu wa kudumu ulikuwa na kikomo cha shilingi 108,000. Sheria mpya ya mwaka 2008 ikaanzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao ulianza kazi mwaka 2015, na waajiri ndio wanaouchangia. Uziwi unaotokana na kelele za kazi ni ugonjwa wa kazini kama ulivyo ugonjwa wa mapafu wa vumbi la mawe. Mfanyakazi wa mgodi mkubwa, wa kiwanda cha nguo au wa karakana ya reli aliyepimwa masikio siku ya kuajiriwa na kupimwa tena kila mwaka, ana ushahidi mkononi. Asiyepimwa na adai kupimwa. Kipimo hakiumi wala hakichukui nusu saa.

Mchimbaji wa duara hakuwa mwajiriwa wa mtu. Alilipwa kwa mgao wa viroba vya mawe. Basi baba mkubwa amesimama katikati: kwa upande wa jeshi anaweza kuambiwa kwamba mgodi ndio uliomharibu, na kwa upande wa mgodi hakuna hata wa kumwambia neno.

Sikio la kushoto

Mwaka juzi tulimpeleka hospitali ya rufaa. Safari ya kwanza tulirudishwa kwa kuwa mashine haikuwa ikifanya kazi, na hatukuambiwa hilo hadi baada ya kulipia na kukaa tangu saa 1 asubuhi hadi saa 9. Ya pili alifungiwa katika chumba kidogo kisichopenya sauti, akavalishwa vitu masikioni na kuambiwa abonyeze kitufe kila asikiapo mlio. Mama mkubwa alisimama nje ya kioo akimtazama. Alikuja kuniambia baadaye kwamba alihesabu jinsi mtu wa mashine alivyokuwa akigeuza kinu chake mara nyingi huku mumewe akiwa ametulia, kidole juu ya kitufe, akingoja.

Daktari kijana alituchorea mistari miwili kwenye karatasi, mmoja kwa kila sikio. Yote miwili inashuka ghafla upande wa sauti nyembamba, kama barabara inayoingia korongoni. Alisema hiyo ni alama ya kelele. Lakini mstari wa kushoto unashuka kwa kina zaidi. Akamuuliza mzee anatumia mkono gani. Wa kulia. Akaeleza kwamba apigaye bunduki kwa bega la kulia huligeuzia sikio la kushoto kwenye mdomo wa bunduki, huku la kulia likikingwa na kichwa chenyewe. Kwa hiyo kwa askari wengi la kushoto ndilo huanza kufa. Kelele ya karasha au dawa ya sindano aghalabu huyadhuru yote mawili karibu sawasawa. Na kovu la kiwambo bado linaonekana, upande huo huo wa kushoto.

Nilitaka aandike kwamba ni vita. Alikataa, na nilipotulia nikaona ana haki. Aliandika kile alichokiona: kwamba tofauti ya masikio haya mawili pamoja na kovu vinalingana na mlipuko na milio ya silaha, na kwamba mambo mengine huenda yalichangia. Daktari mwaminifu hawezi kusema zaidi. Mwanasheria wa kijeshi, kama ataisoma barua ile akiwa na haraka, atauona tu mstari wa mwisho.

Hatuko peke yetu katika ubishi huu. Marekani, yenye mashine za kila aina na kumbukumbu za kila askari, mlio wa masikio ndio ulemavu unaolipiwa wapiganaji wake wa zamani kuliko mwingine wowote, na upungufu wa usikivu nao ni miongoni mwa yanayolipiwa sana. Mwaka 2023 kampuni ya 3M ilikubali kulipa dola bilioni 6 kumaliza madai ya zaidi ya watu 200,000, wengi wao askari, waliosema vizibo vya masikio ilivyowauzia havikuwakinga. Nilipomsimulia hayo baba mkubwa, jambo lililomshangaza halikuwa zile fedha. Aliuliza: kumbe kuna askari waliopewa vizibo?

Faili liliondoka kijijini mwezi Machi mwaka jana. Ndani yake mna ile nusu ya karatasi, barua ya daktari, michoro miwili, na kauli za wazee wawili waliobeba masanduku pamoja naye, mmoja wao akitokea Nyarugusu kwa basi akiwa na fimbo na koti la kijani lililochakaa mabegani. Walipokutana hawakuzungumza sana. Naye pia hasikii. Walikaa chini ya mwembe wakielekezana kwa vidole vitu ambavyo sisi hatukuviona.

Watoto wamechanga, tumemnunulia kifaa cha kusaidia kusikia. Anakivaa siku za mkutano na siku za kanisani. Siku nyingine hukiweka kwenye kopo la majani ya chai, kwa maelezo kwamba kinaleta kelele zote kwa pamoja, mbuzi, vijiko, upepo, na bado nyenje yuko palepale. Wataalamu wanasema ubongo uliokaa kimya miaka mingi unahitaji miezi ya kuzoezwa. Yeye anasema ana umri wa miaka 68.

Kila nikienda likizo huniuliza kama barua imejibiwa. Huniuliza tukiwa uani, wakati wa jioni, kifaa kikiwa ndani ya kopo. Nami hulazimika kumjibu kwa sauti ya juu kabisa kwamba bado, mara mbili au tatu hadi aelewe, na majirani wa pande zote mbili nao wakajua kuwa bado.